Akiwa Bado Ana Shaka: Mwongozo wa Familia wa Kuiona Saikosisi Ikija

Simu huanza kuingia wiki ya kwanza ya Januari. Mabasi yamesharudisha watu Dar, migombani wamebaki bibi na babu, na ndipo mtu ananipigia: "Dada nesi, yule kijana tuliyemkuta nyumbani Krismasi si yule tuliyemwacha mwaka jana." Hakula na wenzake. Alishinda nyuma ya zizi. Alimuuliza baba yake mdogo kwa nini gari lake limeegeshwa taa zikitazama dirisha la chumba chake. Watu walicheka, wakasema vijana wa siku hizi wana utani wa ajabu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi. Nikiulizwa ni mwezi gani mzuri wa kuukamata ugonjwa huu mapema, najibu Desemba. Ndugu ambaye hajamwona mtoto mwaka mzima ana jicho ambalo mama anayeishi naye hana, kwa sababu mama ameyaona mabadiliko yakija kidogo kidogo mpaka akayazoea.

Nikiri jambo kabla sijaendelea. Mtoto wa kaka yangu alianza kubadilika akiwa kidato cha tano, na katika ukoo mimi ndiye shangazi mtaalamu. Sikuona. Nilisema ni masomo ya sayansi na ujana. Shule yake ya bweni ilimrudisha nyumbani kwa "utovu wa nidhamu" kwa kuwa haamki asubuhi na hajibu akiulizwa darasani, nasi tukamgombeza kama walivyomgombeza. Ilipita miezi minane kabla hajaonwa na daktari, na siku hiyo alifika amefungwa kamba mikononi. Haya ninayoandika ni yale niliyokuwa nayajua kazini, nikashindwa kuyaona sebuleni kwa kaka yangu.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Saikosisi ni kama homa: ni hali, si jina la ugonjwa mmoja. Homa inaweza kuletwa na malaria, nimonia au jino bovu. Saikosisi nayo huletwa na skizofrenia (ugonjwa wa akili wa muda mrefu, wenye sauti na imani zisizo za kweli), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), sonona kali (huzuni ya kuugua), bangi, pombe iliyokatwa ghafla, kifafa, maambukizi ya ubongo, hata kujifungua. Kinachofanana ni kwamba mtu anapoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichokuwepo. Anasikia sauti wengine hawazisikii, anaamini mambo ambayo hakuna hoja inayoweza kumtoa humo, au maneno yake yanakatikakatika hata humfuati.

Ikifika hapo huhitaji mwongozo. Mtaa mzima utakwambia amerukwa na akili. Mwongozo unahitajika kwa kipindi kilichotangulia, ambacho huchukua wiki, mara nyingi miezi, wakati mwingine miaka kadhaa. Alama ya kipindi hicho ni neno moja: *labda*.

"Shangazi, nasikia kama mtu ananiita, nikitoka sikuti mtu. Labda ni uchovu." "Naona kama wale jamaa wa kijiweni wananisema, lakini labda ni mimi tu." Huyo bado ana shaka. Anajichunguza mwenyewe na anaogopa kinachomjia. Siku atakaposema "wananisema, na najua nani amewatuma," shaka imekwisha, na kumshawishi kwa maneno kumekuwa kama kumshawishi mtu kwamba jina lake si lake. Kazi yote ya kuzuia inafanyika kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 2: Jua nani wa kumwangalia kwa makini zaidi

Umri kwanza. Skizofrenia huanza zaidi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, wavulana wakitangulia wasichana kwa miaka michache. Ni wakati uleule wa kidato cha sita, JKT, chuo, ajira ya kwanza au kukosa ajira. Ndiyo maana inajificha kirahisi, kwani kila kitu kina sababu ya kusingiziwa.

Damu ni ya pili, na hapa watu wanaogopa kuliko inavyostahili. Katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi hupata skizofrenia maishani mwake. Mwenye mzazi mmoja au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo, hatari yake ni kama 10 katika 100. Soma namba hiyo na upande wa pili: 90 hawapati. Hata pacha wa kufanana kabisa, ambaye ana damu ileile, mara nyingi haipati. Tafiti zinaweka hatari yake kwenye 40 hadi 50 katika 100. Kwa hiyo msemo wa "kwao wana ukichaa", ambao huku kwetu umevunja posa nyingi, haujasimama popote. Damu inatandaza kuni, na kiberiti kinatoka kwingine.

Na viberiti vipo. Bangi ndiyo ninayokutana nayo kila wiki. Huko Uswidi walifuatilia vijana wa kiume wapatao 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Baada ya miaka 15, waliokuwa wameshavuta zaidi ya mara 50 walipoandikishwa walikuwa wamepata skizofrenia mara sita zaidi ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Vijana wananijibu kwamba babu alivuta jani hadi uzee wake na hakuwa chizi. Kweli, wengi wanavuta hawaugui, kama wengi wanavyopanda bodaboda bila kofia na kufika salama. Lakini aliyeanza na miaka 14, anayevuta kila siku, tena anayevuta skanka yenye nguvu kuliko ile ya babu, na ana mjomba aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, huyo amejilundikia kuni na kiberiti mfuko mmoja.

Mirungi nayo ina lake, hasa kwa sababu inakesha na mtu. Nimewapokea wanaapolo (wachimbaji wa tanzanite) kutoka Mererani waliokaa siku tatu chini ya ardhi wakitafuna, bila usingizi wa maana, wakapanda juu wakiwa wanaona kila mtu ana mpango wa kuwaibia jiwe. (Mererani, ugumu ni kwamba wakati mwingine kweli mtu ana mpango huo.)

Kisha kuna mateso ya utotoni: kupigwa kupita kiasi, kuingiliwa kimwili, kunyanyaswa na wenzake bwenini, kutupwa na wazazi. Tafiti zikijumlishwa pamoja zinaonyesha waliopitia hayo wana hatari karibu mara tatu. Kuna pia mama aliyepata njaa au maambukizi makali akiwa mjamzito, na mtoto aliyechelewa kupata hewa wakati wa kuzaliwa. Ndiyo sababu nasema kuzuia saikosisi kunaanzia kliniki ya wajawazito, ingawa hakuna anayeliweka hilo kwenye mabango.

Hatua ya 3: Mlinganishe na yeye mwenyewe

Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto mkimya aliyekuwa mkimya tangu darasa la kwanza hana tatizo. Mtoto aliyekuwa kiongozi wa kwaya, sasa hata kanisani haingii ndani, anasimama nje karibu na pikipiki, huyo ndiye wa kuangalia.

Angalia usingizi, kwa sababu huo ndio unaotangulia kuvurugika: anakesha, analala mchana, anatembea uani saa nane usiku. Angalia usafi kwa kijana aliyekuwa mpenda kupendeza. Angalia darasa: si alama za mtihani mmoja tu, bali kwamba anasoma ukurasa mmoja saa nzima na hakumbuki kitu. Angalia marafiki wanavyopungua bila ugomvi. Halafu yale madogo ya ajabu: ameziba kioo kwa kanga, anazima redio akidai mtangazaji ana mafumbo, amebadilisha laini ya simu mara nne kwa mwezi, chakula anakula tu akikipakua mwenyewe.

Dalili moja haina maana. Nyingi zikija pamoja, zikadumu wiki kadhaa, na uwezo wake wa kufanya mambo ya kila siku ukashuka, hapo amka.

Nunua daftari la kurasa 40. Andika tarehe, alilala saa ngapi, alikula nini, na alichosema *kwa maneno yake mwenyewe*. Usiandike "alikuwa na mawazo mabaya". Andika hivi:

Tarehe 3. Amelala saa kumi alfajiri, ameamka saa sita mchana. Amefunika redio kwa taulo. Kasema, "yule mtangazaji ananijua, au labda nawaza sana."

Tarehe 5. Amekula. Amecheza na mdogo wake nusu saa. Hajasema kitu.

Siku nzuri nazo ziandike. Daktari akipata daftari la wiki tatu namna hiyo, anaona zaidi ya atakavyoona kwa dakika kumi na tano za kumhoji kijana aliyetishika mbele ya watu wanne wa ukoo.

Neno kuhusu imani, kwa sababu hapa ndipo watu wa hospitali wanapokosea. Mlokole anayesema Mungu amesema naye katika maombi si mgonjwa. Mama anayeamini shamba lake limefanyiwa kitu na jirani si mgonjwa. Pima kwa wenzake wa imani ileile: je, nao wanamwelewa? Mchungaji wake mwenyewe akisema "hata mimi hapa sielewi anachosema", chukua hilo kwa uzito.

Hatua ya 4: Usimtabirie

Kuanzia miaka ya 1990, Melbourne huko Australia, madaktari wakiongozwa na Patrick McGorry na Alison Yung walitengeneza vigezo vya kuwatambua vijana walio kwenye hatari kubwa. Vigezo viko vitatu: dalili hafifu ambazo mwenyewe bado anazitilia shaka, dalili kamili zilizokuja na kuondoka zenyewe ndani ya wiki moja, au ugonjwa katika familia ukiambatana na kushuka kwa uwezo wa kijana. Vigezo hivyo vimetumika nchi nyingi. Matokeo yake, kwa miaka mitatu, ni kwamba robo hivi tu ya waliotambuliwa ndio walioingia kwenye saikosisi kamili. Na hao walikuwa watu ambao tayari walikuwa wamefika kliniki maalumu. Kijana wa mtaani mwenye dalili hizohizo, hatari yake ni ndogo kuliko hiyo.

Maana yake, ukimwona kijana wako ana dalili zote nilizotaja, bado uwezekano mkubwa ni kwamba haugui saikosisi. Anaweza kuwa na sonona, hofu, msiba ambao hakuulia, au mtu anamtesa shuleni. Hayo nayo yanahitaji msaada, kwa hiyo safari ya kliniki haipotei. Kinachopotea ni jina lake ukianza kuwaambia mashangazi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba "anaelekea kuwa chizi". Sisi tulifanya hivyo. Kijana alisoma ujumbe ule kwenye simu ya mama yake.

Wajue watu watatu: mzazi, mtu mmoja anayemwamini, na mhudumu wa afya. Wa nne anaweza kusubiri.

Hatua ya 5: Zungumza naye

Chagua wakati mkifanya kitu kingine pamoja, mkimenya ndizi, mkiosha pikipiki, mkitembea kwenda dukani. Kumkalisha sebuleni mbele ya baba, mjomba na mzee wa kanisa ni kikao cha kesi, na atajitetea kama mshtakiwa.

Anza na unachokiona, si unachokidhani. "Baba, siku hizi naona taa yako inawaka hadi alfajiri. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Nyamaza hasa. Akisema anasikia sauti, usiseme "hakuna kitu hapo" na usiseme "ndiyo, hata mimi nimezisikia". Sema, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakuchosha. Zikianza, wewe unafanyaje?" Swali hilo linamweka upande mmoja na wewe. Likishajibiwa, uliza kama sauti hizo zinamwamuru kufanya kitu.

Na uliza kuhusu kufa, kwa maneno wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi. Kijana anayeogopa akili yake mwenyewe mara nyingi ameshalifikiria kabla yako, na kuulizwa kunampa pa kulitua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo, ondoa sumu za shambani, kamba na dawa nyingi mahali anapozifikia, na uende hospitali.

Hatua ya 6: Punguza kuni

Haya yanafaa hata kama saikosisi haiji. Ndiyo uzuri wake.

Usingizi mkubwa kuliko yote. Simu ikae chumba cha wazazi kuanzia saa nne usiku, na ya mzazi pia, la sivyo atakuona mnafiki. Kahawa, chai ya rangi kali na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mchana. Aamke saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kazi ya mikono asubuhi, kama kukata majani ya ng'ombe, inamrudishia mwili saa yake vizuri kuliko hotuba.

Bangi: usimwite mhuni. Muulize inamsaidia nini. Wengi watakwambia inawapa usingizi au inanyamazisha mawazo, na hapo umepata ugonjwa wa kutibu. Mkubalianeni apumzike wiki nne, muangalie kwenye daftari kama sauti zimepungua. Vijana wanaheshimu jaribio lao wenyewe. Kama ni mbege au konyagi ya kila siku, usimkatishe ghafla bila mhudumu wa afya, kwani kukata pombe ghafla kwa mlevi wa muda mrefu huleta kutetemeka, degedege na kuona vitu.

Maneno ya nyumbani. George Brown na wenzake huko London, kuanzia miaka ya 1950, waligundua kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye kusemwasemwa, chuki na kuingiliwa kila hatua walirudi hospitali haraka kuliko wengine. Hilo limethibitishwa tena na tena katika nchi mbalimbali. Sisemi familia ndizo zinazosababisha ugonjwa. Wazazi wamebebeshwa lawama hiyo bure kwa miaka mingi. Nasema "mvivu wewe, wenzako wako chuo" inayorudiwa kila asubuhi ina uzito wa dawa iliyorukwa. Kwetu Uchagani, ambako mtoto hupimwa kwa alichorudi nacho Desemba, hili linahitaji kazi ya makusudi.

Shule: nenda kwa mwalimu wa malezi ukiwa na ombi dogo. Apunguziwe zamu za usiku, aruhusiwe kulala nyumbani, aahirishe mtihani mmoja. Usimtoe shule kabisa kama anaweza kubaki hata nusu. Akishakaa nyumbani bila kazi wala wenzake, sauti ndizo zinazobaki kumwongelesha.

Hatua ya 7: Nenda hospitali, na ujue unaenda kutafuta nini

Kuna mazingira ya kwenda leo hii hii, hata usiku: amechanganyikiwa na ana homa, shingo imekakamaa, ana degedege, ameumia kichwa, hajui yuko wapi, au anaona vitu zaidi ya kusikia. Hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka. Wa Kahe, Mabogini na TPC, ambako mbu hawalali, msianze na maombi. Anzeni na kipimo.

Mwanamke aliyejifungua ndani ya wiki mbili, halali hata mtoto akilala, anaongea kwa kasi, anasema mtoto si wake: leo hii hii. Huwapata mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, huja kwa kasi, na hutibika vizuri. Hapaswi kuachwa peke yake na mtoto hata dakika tano.

Na ninyi wagumu (wapagazi wa mlimani) na waongoza watalii: mwenzako akianza kuongea na mtu asiyeonekana pale kambi ya Barafu, juu ya Kilimanjaro, akayumba kama mlevi, hajarogwa. Ubongo wake unavimba kwa kukosa hewa ya kutosha. Mteremsheni usiku huohuo, msingoje jua.

Wasio na dharura waanzie zahanati au kituo cha afya, waombe rufaa. Moshi kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC juu yake. Arusha kuna Mount Meru. Ulizia siku ya kliniki ya akili kabla ya kulipa nauli. Gharama zikikuzidi, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla hujaamua kurudi nyumbani. Beba daftari, vidonge vyovyote anavyotumia pamoja na vile vya mitishamba, na aje mtu anayeishi naye, si yule mwenye sauti kubwa kwenye ukoo.

Tegemea apimwe malaria, VVU, kaswende, sukari, wakati mwingine na tezi ya shingoni. Usione aibu, ni kutafuta chanzo. Kama bado yuko kwenye shaka, usidai sindano. Katika kipindi hicho dawa za saikosisi si za kwanza. Za kwanza ni mazungumzo ya tiba yanayomfundisha kuyapima mawazo yake, kutibu usingizi na sonona, na kumwona mara kwa mara. Kuna wakati mafuta ya samaki yalileta matumaini: jaribio dogo la Vienna mwaka 2010 lilionyesha yanazuia, lakini jaribio kubwa zaidi lililochapishwa 2017 halikuona faida hiyo. Usiuze ng'ombe kununua vidonge hivyo.

Akiandikiwa dawa kama haloperido, ujue jambo moja ambalo limewatoa wengi hospitali. Siku za kwanza shingo inaweza kupinda upande, macho kugeuka juu, ulimi kukakamaa. Familia husema, "mnaona, pepo amekasirika." Ni dawa. Rudi siku hiyohiyo. Kuna sindano au kidonge kinachoinyoosha shingo upesi, na daktari atapunguza dozi au kubadilisha.

Hatua ya 8: Mchungaji, shehe na mganga

Sitakwambia usiende, kwa sababu utaenda na hutaniambia. Nakuomba mambo manne. Asifungwe mnyororo. Asifungishwe chakula na usingizi, kwa maana mkesha wa siku tatu unaweza kumvukisha mtu aliyekuwa ukingoni. Asifukizwe wala kunyweshwa dawa isiyojulikana akiwa kwenye vidonge. Na hakuna mwenye mamlaka ya kutangaza amepona ili aache dawa. Nimepata wachungaji wazuri Pasua na Majengo wanaoombea na kisha kuandika kwa mkono wao, "mpelekeni kliniki Jumanne." Tafuta wa namna hiyo kabla hujamhitaji.

Hatua ya 9: Shaka ikishaisha

Sasa ni mbio. Kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Mkoa wa Rogaland, Norway, walitangaza dalili kwenye magazeti, redio na shule, wakaweka timu inayopokea simu ya mtu yeyote. Muda wa kawaida wa mgonjwa kukaa bila tiba ulishuka kutoka wiki 26 hadi 5 hivi. Kampeni iliposimama, muda ukarefuka tena. Hawakuwa na dawa mpya. Walikuwa na watu waliojua cha kuangalia.

Kumpeleka: usitumie bodaboda. Chukua teksi, akae nyuma katikati ya watu wawili anaowaamini, mlango umefungwa kwa ndani. Mwambie ukweli unampeleka wapi. Ukimdanganya mnaenda sokoni, hatakuamini tena, na utahitaji akuamini kwa miaka. Akikataa kabisa na ni hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumlaza asiyekubali. Anza na mganga mfawidhi (daktari mkuu wa kituo) au polisi, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi.

Baada ya hapo, vidonge. Utafiti mmoja wa Marekani uliwafuata wagonjwa wa mara ya kwanza kwa miaka mitano. Karibu wanane katika kila kumi ugonjwa uliwarudia, na kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano. Akichoka kumeza kila siku, muulizie sindano ya mwezi. Akitaka kuacha kwa sababu ananenepa au anatetemeka, hiyo ni sababu halali ya kurudi kwa daktari, na mzazi asimgombeze.

Kijana wetu sasa anauza mitumba Kiboriloni na mjomba wake. Daftari analiandika mwenyewe, na kuna kurasa haniruhusu kusoma.

Kila mwaka, wiki ya pili ya Desemba, namkumbusha jambo moja, nawe mkumbushe wako: achukue dawa za kumfikisha katikati ya Januari kabla hajapanda kijijini, kwa sababu kliniki zinafungwa sikukuu, mbege inamwagwa kila nyumba, na maduka ya dawa huko juu hayana anachotumia. Aziweke kwenye begi la mgongoni, si kwenye shangazi kaja la mama ambalo hupakiwa kwenye buti la basi.